Kompyuta isimpokonye mgonjwa daftari lake

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka minne mwenye homa na koo lililovimba. Ilikuwa Jumatatu, foleni imefika karibu na geti. Nilimwangalia mtoto koo, nikamsikiliza kifua, nikageukia kompyuta na kuanza kuandika amoksilini. Kwenye faili lake, sehemu ya mzio ilikuwa tupu, nami nikachukulia kwamba mtoto hana tatizo na dawa yoyote.

Nilipomwambia aende dirisha la dawa, yule mama hakuinuka. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya chini: “Samahani daktari, hiyo amoksilini ndiyo ile ya unga wa kuchanganya na maji?”

Nikamjibu ndiyo.

“Basi ndiyo ile iliyomfanya avimbe midomo na macho, tulipokuwa tunakaa mkoani. Tulilazwa siku mbili.”

Nilifuta nilichoandika, nikamwandikia mtoto dawa nyingine. Kisha nikamuuliza mama kwa nini hakusema mapema. Alinitazama bila hasira. “Hukuniuliza, daktari. Na mimi nilidhani imeandikwa humo,” akasema, akionyesha kompyuta.

Tukio hilo limenikaa kichwani kuliko wagonjwa wengi niliowatibu vizuri. Mtoto yule hakudhurika, lakini si kwa umakini wangu, wala si kwa sababu ya kompyuta. Aliokolewa na mama yake, ambaye nusura aondoke bila kusema neno kwa sababu aliona daktari ana haraka.

Katika majibu yake hayo mawili, “hukuniuliza” na “nilidhani imeandikwa humo”, naona sehemu kubwa ya tatizo letu wakati huu ambapo hospitali zinaacha makaratasi na kuhamia kwenye kompyuta. Wiki hii nataka kueleza kwa nini naziunga mkono kompyuta hospitalini, na kwa nini nadhani tunaziingiza kwa namna inayomweka pembeni mtu mwenye taarifa nyingi kuliko sisi wote, yaani mgonjwa mwenyewe au mzazi wa mtoto.

Daftari lilikuwa lako

Wasomaji wengi wanalikumbuka daftari la hospitali. Ulilinunua dukani kabla ya kwenda zahanati, jina lako likaandikwa juu, na daktari akaandika ndani malalamiko yako, vipimo na dawa. Ukirudi nyumbani ulilihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Sitaki kulipamba daftari hilo. Mwandiko wetu madaktari ulikuwa mbaya, kurasa ziliraruka, na wapo waliolisahau nyumbani siku walipolihitaji kuliko siku zote. Lakini lilikuwa na sifa moja kubwa: lilikuwa lako. Ukihama mkoa, ulihama nalo. Daktari mgeni akilifungua, aliona ulitibiwa nini mwaka jana na kwa dawa gani.

Leo katika hospitali nyingi majibu ya maabara humfikia daktari kwenye kompyuta, na jina la dawa huonekana dirishani kabla mgonjwa hajafika. Hayo ni maendeleo na siyapingi. Lakini msimamishe mgonjwa anayetoka getini, muulize ameambiwa ana nini. Atakujibu, “Wameniona, wamenipa dawa.” Dawa gani? “Vidonge vyeupe na vingine vya njano.” Kipimo kimeonyesha nini? “Wamesema siyo mbaya.” Taarifa zake zipo salama ndani ya kompyuta ya hospitali ile, lakini yeye ameondoka mikono mitupu, na hospitali atakayokwenda kesho huenda haiwezi kuzisoma.

Kwa maneno mengine, tumeboresha kumbukumbu za hospitali na kupunguza za mgonjwa. Haikupaswa kuwa hivyo. Waanzilishi wa matumizi ya kompyuta katika tiba hawakukusudia hivyo, na mmoja wao alitumia maisha yake yote ya kazi kupigania kinyume chake.

Daktari aliyemkalisha mgonjwa kwenye kompyuta

Jina lake ni Warner Slack, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2018. Miaka ya 1960 alikuwa daktari kijana katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wakati huo kompyuta ilikuwa mashine ya wanasayansi na wahandisi, na waliofikiria kuipeleka hospitalini walimfikiria daktari au karani kuwa ndiye atakayeitumia. Slack na wenzake wakafanya jambo ambalo kwa wengi lilikuwa la ajabu: walimkalisha mgonjwa mwenyewe mbele ya mashine.

Walitumia kompyuta iliyoitwa LINC. Skrini ilionyesha swali moja baada ya jingine, naye mgonjwa alijibu kwa kubonyeza kitufe. Jibu likiwa ndiyo, mashine iliendelea kuchimba: lini, mara ngapi, baada ya kula nini. Likiwa hapana, iliendelea na swali jingine. Mwaka 1966 walichapisha matokeo yao katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Na mada waliyoanza nayo, msomaji, ilikuwa mzio, tatizo lile lile lililokaribia kunishinda Jumatatu ile.

Kuna jambo dogo katika kazi hiyo ambalo mimi nalithamini kuliko mashine yenyewe. Mbali na “ndiyo”, “hapana” na “sijui”, mgonjwa alikuwa na jibu la nne: “sielewi”. Akilichagua, swali lilifafanuliwa kwa maneno mengine. Hebu fikiria ni mara ngapi umekaa mbele ya daktari, ukaulizwa jambo usiloelewa, ukajibu “hapana” ili yaishe. Mashine ya mwaka 1966 ilimruhusu mgonjwa kusema haelewi bila aibu. Vyumba vyetu vingi mpaka leo havimpi nafasi hiyo.

Slack aligundua pia kwamba kompyuta haichoki wala haina haraka. Haiangalii saa, haikunji uso mtu akichelewa kujibu. Katika utafiti aliofanya na wenzake kwa watu waliojitolea damu, uliochapishwa mwaka 1992, baadhi waliiambia kompyuta mambo yanayohusu hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi ambayo hayakuonekana kwa njia za kawaida za kuwahoji. Yapo mambo ambayo binadamu huona haya kumtamkia binadamu mwenzake. Kila mama aliyewahi kuulizwa habari za ndoa yake huku mlango uko wazi na watu wako kwenye benchi nje anaelewa ninachosema.

Mwaka 1970 alihamia Hospitali ya Beth Israel mjini Boston na kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard. Huko, akiwa na mwenzake Howard Bleich, alijenga mifumo ya kompyuta iliyotumiwa na hospitali nzima. Mwaka 1977 aliandika katika jarida la The Lancet la Uingereza akitetea haki ya mgonjwa kuamua juu ya matibabu yake. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba daktari anaweza kujua zaidi kuhusu ugonjwa, lakini mwili, maumivu na maisha ni vya mgonjwa, na kwa hiyo uamuzi ni wake. Leo tunaitikia kwa kichwa tukisikia hivyo. Wakati ule madaktari wengi waliona huo ni utovu wa nidhamu.

Mara nyingi alirudia kwamba rasilimali kubwa kuliko zote katika huduma za afya, na inayotumika kidogo kuliko zote, ni mgonjwa. Alipenda pia kusema kwamba daktari ambaye kazi yake inaweza kufanywa na kompyuta, basi na iachiwe kompyuta. Hakuwa anawatukana wenzake. Alimaanisha kwamba mashine ibebe kazi ya kuuliza, kukumbuka na kuhesabu, ili daktari apate nafasi ya kumgeukia mgonjwa na kuzungumza naye.

Sisi tumefanya kinyume. Daktari ndiye anayeitumikia mashine, na mgonjwa anatazama kisogo chake.

Kasi peke yake haitoshi

Tusidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo kusini mwa Jangwa la Sahara kutumia kumbukumbu za kompyuta kwa wagonjwa wa nje, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na kazi hiyo na upanuzi wake ilizaliwa OpenMRS, programu ya bure ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi.

Watafiti walipima muda kabla na baada ya kompyuta kuingia Mosoriot. Muda wa mgonjwa kituoni ulifupika kwa asilimia 22, na kusubiri nako kulipungua. Mama aliyeacha genge lake bila mtu anajua thamani ya dakika hizo. Lakini takwimu nyingine katika utafiti huo ni kwamba muda ambao mgonjwa alikaa na watoa huduma ulipungua kwa asilimia 58.

Takwimu hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba mhudumu hapotezi tena muda kutafuta na kunakili makaratasi, jambo ambalo ni jema. Ya pili ni swali: muda uliookolewa unakwenda wapi? Ukitumika kumuuliza mgonjwa na kumweleza, kompyuta imefanya kazi aliyoiota Slack. Ukitumika kuita “anayefuata!” haraka zaidi, tutakuwa tumejenga kiwanda kinachokwenda kasi, na mama mwenye habari ya mzio wa mwanawe atapita dirishani kabla hajapata nafasi ya kushika mkoba na kuuliza.

Kenya imetupa pia mfano wa pili, na huu unanifurahisha kila ninapousimulia. Watafiti walichukua wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, kila wiki, walitumiwa ujumbe mfupi wa simu na muuguzi. Hakikuwa kikumbusho kirefu, wala onyo. Kwa kawaida ilikuwa neno moja: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama “Sawa” ama “Shida”. Aliyejibu “Shida”, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu.

Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2010. Katika kundi lililopata ujumbe, asilimia 62 walikuwa wanameza dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi jingine. Waliofanikiwa kushusha virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Hapakuwa na mashine ya mamilioni, bali simu ya kawaida, salamu ya Kiswahili na mtu aliyesubiri jibu. Hiyo ndiyo teknolojia inayomuuliza mgonjwa, na mgonjwa akiulizwa husema.

Hofu ya madaktari, na majibu yake

Nikizungumza na wenzangu kuhusu kumpa mgonjwa taarifa zake, hunijibu kwa hoja tatu. Ni hoja za watu wanaofanya kazi, si visingizio, kwa hiyo zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni kwamba mgonjwa atasoma asichokielewa na kuingiwa na hofu. Hoja hii ilijaribiwa mwaka 2010 katika hospitali tatu za Marekani, huko Boston, Pennsylvania na Seattle. Madaktari wapatao 100 walikubali wagonjwa wao zaidi ya 13,000 wasome kupitia intaneti maelezo yote ambayo daktari aliyaandika baada ya kuwaona. Kabla ya kuanza, madaktari wengi walitabiri vurugu. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa waliosema kwamba maelezo hayo yaliwachanganya, kuwatia wasiwasi au kuwaudhi walikuwa kati ya asilimia 1 na 8 kutegemea hospitali. Zaidi ya robo tatu walisema sasa wanajihisi kuushika usukani wa afya yao. Waliokuwa kwenye dawa, wengi wao walisema wanazimeza vizuri zaidi. Na jaribio lilipoisha, hakuna daktari hata mmoja aliyechagua kuacha. Tangu Aprili 2021 utaratibu huo ni matakwa ya sheria nchini humo.

Nikiri kwamba wale walikuwa wagonjwa wenye intaneti, wanaosoma lugha ile ile anayoandika daktari. Sisi tunazungumza na mgonjwa kwa Kiswahili kisha tunamwandika kwa Kiingereza, tena cha vifupisho. Tukimfungulia mkulima wa Kilosa faili lake lote leo, atakuta maandishi ambayo hata karani wa mapokezi hawezi kuyasoma. Nitarudi kwenye hilo.

Hoja ya pili ni kazi. Daktari anayeona wagonjwa 60 kwa siku atapata wapi muda wa kuandika zaidi? Ni kweli, hana. Lakini hapa ndipo kompyuta inapopaswa kulipa gharama yake. Jina la ugonjwa, kipimo, dawa na tarehe ya kurudi tayari vimeandikwa humo. Kinachotakiwa ni mashine ivitoe kwa lugha ya mgonjwa, kwa kubonyeza mara moja. Vilevile, mgonjwa anayejua dawa zake huokoa muda kila anaporudi. Mimi hupoteza dakika nyingi zaidi nikijaribu kubahatisha “kile kidonge cha pinki cha presha” kuliko ambazo ningetumia kukiandika.

Hoja ya tatu ni siri, na hii ndiyo inayonisumbua kweli. Karatasi inaweza kusomwa na mume, shemeji au mwenye nyumba. Mwanamke anayetumia uzazi wa mpango bila mumewe kujua, kijana aliyepimwa virusi, mke aliyepigwa nyumbani, wote wanaweza kuumizwa na maandishi yaliyotakiwa kuwasaidia. Hata kule Marekani, zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa na wasiwasi kuhusu faragha. Jibu langu ni kwamba mgonjwa aulizwe kwanza: nikuandikie au nisikuandikie? Nikuandikie yote, au dawa tu? Yeye ndiye anayejua nani anaishi naye. Kumnyima kila mtu taarifa zake kwa sababu baadhi wana hatari nyumbani ni sawa na kufunga kisima kwa sababu mtoto mmoja anaweza kutumbukia. Kisima hujengewa ukingo.

Sheria zetu nazo zimeanza kuelekea huko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Zote zinatambua kwamba taarifa za afya ni nyeti, na kwamba mtu ana haki ya kujua taarifa zake zinazohifadhiwa na mwingine. Kwa hiyo ukiomba kujua kilichoandikwa juu yako, huombi fadhila.

Tayari tuna mfano mzuri, ni wa mtoto

Anayesema wagonjwa wetu hawawezi kutunza kumbukumbu zao aende kliniki ya watoto asubuhi yoyote. Atawaona akina mama na kadi za kliniki, zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, kila chanjo na tarehe yake, mstari wa uzito ukipanda mwezi kwa mwezi.

Msingi wa kadi hiyo uliwekwa na daktari Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi Ilesha nchini Nigeria miaka ya 1950. Alichora chati ya ukuaji ambayo hata mtu asiyejua hesabu anaweza kuona kama mtoto anapanda au anashuka, kisha akaiacha kadi mikononi mwa mama badala ya kuifungia kwenye kabati la kliniki. Wapo waliosema zitapotea. Ilionekana kwamba akina mama wanazitunza vizuri.

Sasa nauliza: mama huyu tuliyemwamini na kadi ya mtoto kwa miaka mitano, kwa nini tusimwamini na taarifa za presha yake mwenyewe? Kwa nini mtoto akivuka umri wa kliniki, kumbukumbu zake zihame kutoka kwenye mkoba wa mama na kuingia mahali asipoweza kufika?

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila mgonjwa atoke na karatasi moja au ujumbe mmoja wa simu, kwa chaguo lake, wenye mistari sita kwa Kiswahili: una ugonjwa gani, kipimo kimeonyesha nini, umepewa dawa gani na unameza vipi, dawa zipi hutakiwi kupewa kabisa, urudi lini, na ukiona dalili gani urudi mara moja. Hospitali inayoweza kukutolea risiti ya malipo ndani ya sekunde tano haiwezi kusema imeshindwa kukutolea mistari sita ya ugonjwa wako.

Usisubiri hospitali ianze

Mfumo utachukua muda kubadilika. Wewe msomaji unaweza kuanza ziara yako ijayo.

Kwanza, sema habari ya mzio kabla hujaulizwa. Usiseme tu “ana aleji”. Eleza dawa iliitwaje, alivimba, alitoka upele au alibanwa pumzi, na ilikuwa baada ya muda gani. Kuharisha kidogo kwa sababu ya dawa mara nyingi si mzio, ila kuvimba midomo au uso na kushindwa kupumua ni hatari, na mtu akipata hali hiyo akimbizwe hospitali mara moja. Andika jina la dawa hiyo kwa kalamu ya wino juu ya kadi ya mtoto.

Pili, nenda na dawa zote unazotumia, au maboksi yake, zikiwamo za kienyeji na ulizonunua duka la dawa. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekukasirikia kwa kumwekea mfuko wa dawa mezani.

Tatu, kabla ya kuinuka uliza: “Daktari, naomba uniandikie jina la ugonjwa na jina la dawa.” Ukiona aibu, sema una mwanao au ndugu anayekutunzia kumbukumbu.

Nne, rudia kwa maneno yako ulichoelewa: “Kwa hiyo nimeze kimoja asubuhi na kimoja usiku, hata kama homa imeisha?” Ukikosea, daktari atakurekebisha pale pale. Na usipoelewa, tumia lile jibu la nne la Slack. Sema “sielewi”.

Tano, omba nakala ya majibu ya maabara, au yapige picha kwa simu yako, kisha weka namba ya siri kwenye simu hiyo. Ukifika hospitali nyingine huenda hutalazimika kutobolewa tena kidole na kulipia kipimo kile kile.

Sita, usitupe kadi ya kliniki mtoto anapoanza shule. Itahitajika akiulizwa chanjo zake, na huenda yeye mwenyewe akaihitaji akiwa mtu mzima.

Kwa wenzangu madaktari, wauguzi na waganga wa zahanati, nina ombi moja tu. Kabla hujagusa kibodi, mgeukie mgonjwa na umuulize: kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru? Kuna jambo unalolijua kuhusu ugonjwa huu ambalo sijakuuliza? Maswali hayo mawili hayazidi nusu dakika. Mimi sikuyauliza Jumatatu ile, na kama mama yule angekuwa mwoga zaidi kidogo, safu hii ingekuwa na habari nyingine.

Siku alipomrudisha mtoto kuangaliwa, homa ilikuwa imekwisha. Nilimwonyesha skrini ili aone nilichojaza kwenye sehemu ya mzio. Alisoma taratibu, akaniomba kalamu, akayanakili maneno yale yale nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanawe.

“Na huku pia, daktari,” akasema. “Siku nyingine umeme ukikatika.”